Siku Niliyosema Glisarini Imekwisha

Nianze kwa kukubali tu: ilikuwa wivu. Mke wangu kwa miaka mingi amejaribu kunitetea akisema nilikuwa nimechoka, headmasta alisema ni presha ya kazi, lakini mimi ndiye niliyekuwa ndani ya hiyo roho na nawaambia ulikuwa wivu, ule unaokukaba hapa kooni mpaka hata chai haipiti, na aibu yake ni kwamba sikumwonea wivu jirani aliyenunua pikapu wala mtu aliyepandishwa cheo, hapana, nilimwonea wivu mwalimu wa upishi na ushonaji kwa sababu ya binti yangu na sufuria moja ya plastiki iliyoyeyushwa. Chekeni tu. Mimi pia siku hizi nacheka, ingawa kuna mahali nikifika huwa nanyamaza kidogo, mtapaona.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mwalimu wa kemia katika shule moja ya harambee upande wa Mogogosiek, shule ya madarasa ya mbao ambayo ukifungua dirisha hili unaona chai, ukifungua lile unaona chai. Kemia ilikuwa mimi peke yangu. Maabara ilikuwa yangu, stoo ya maabara ilikuwa yangu, na ufunguo wa stoo nilikuwa nauning'iniza kwenye mshipi ili kila mtu auone (headmasta mwenyewe akitaka spiriti ya kusafisha kidonda alikuwa anakuja kwangu akibisha hodi). Na nilikuwa na binti, Chebet, kifungua mimba wangu, ambaye tangu akiwa mdogo alikuwa akinipokea getini, anachukua koti langu na mkoba wa vitabu, na njia nzima ananiuliza maswali, kwa nini chumvi inapotea kwa maji, kwa nini jivu ni jeupe na kuni haikuwa nyeupe. Watu wakimwona walikuwa wanasema huyo ni Kirui mdogo. Hakuna kitu nilipenda kusikia kuliko hicho.

Halafu akaja Mwalimu Akoth. Watu wake walitoka upande wa ziwa lakini baba yake alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya chai huku kwetu miaka mingi, kwa hivyo Kikipsigis alikuwa anakisikia vizuri kuliko alivyojionyesha. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alipewa chumba cha homu sayansi, ambacho mali yake yote ilikuwa stovu mbili za mafuta ya taa, cherehani moja na mashine ya kusaga nyama, ile ya kuzungusha kwa mkono, ambayo hakuna mtu alikuwa ameiona ikisaga nyama hata siku moja. Mimi sikumjali. Kwangu homu sayansi ilikuwa ni chapati na vifungo vya shati, na nilikuwa nimelisema hilo stafurumu zaidi ya mara moja, yeye akiwa hapo hapo anasahihisha vitabu.

Sasa huyo mama, katika kutembea kwake, akaangalia vitalu vyetu vya miche ya chai. Mnaijua ile mifuko myeusi ya plastiki ambayo mche unakulia ndani, siku ya kupanda unaichana unaitupa, na baada ya hapo inajaa mitaroni na ng'ombe wanaimeza? Akajiuliza, kwa nini hiyo plastiki isichanganywe na wanga wa mahindi, ili mtu apande mche na mfuko wake na udongo umalizie kazi polepole. Akakusanya wasichana watatu wa kidato cha tatu, na kiongozi wao akawa nani? Chebet wangu. Wanasaga mahindi, wanachuja wanga, wanaupika, wanaukanda ndani ya plastiki iliyolainishwa kwa moto, kisha mchanganyiko huo ukiwa bado moto wanaupitisha kwa ile mashine ya nyama, unatoka kama kamba laini, wanausukuma na kifimbo cha chapati mpaka unakuwa karatasi ya kukunja mfuko. Nilipoona mfuko wa kwanza mkononi mwa mtoto wangu, mwembamba, wa rangi ya maziwa, nikasema ni mzuri. Ndani yangu nilitamani upasuke.

Kwa sababu jioni nyumbani kwangu zilikuwa zimeharibika. Kila tonge, Mwalimu Akoth amesema. Kila kikombe, Mwalimu Akoth ameonyesha. "Baba, ulikuwa unajua plastiki na wanga haziendi sawa kwa moto? Mwalimu Akoth anasema plastiki inalainika yenyewe, lakini wanga mkavu hauyeyuki, unaungua tu. Lazima unyweshwe kwanza, maji na glisarini. Wanga usipokunywa hautembei." Mimi mwalimu wa kemia mwenye diploma ukutani nilikuwa nalisikia jambo hilo mara ya kwanza, na badala ya kumwambia mtoto haya nifundishe, nikamwambia ale chakula kinapoa. Mama yake akaniangalia. Chebet akaanza kumwelezea mama yake badala yangu, ati mchanganyiko huo ukiuacha unasimama kama mlima, lakini ukiusukuma kwa nguvu unalegea na kukimbia, na mama yake akasema hata ugali uko hivyo, mwiko ukiusukuma unakubali, ukiuacha unagoma, wakaendelea hivyo wawili wao, na mimi nikawa kama mgeni kwenye meza niliyoinunua.

Hapo ndipo tulipokuwa, basi, asubuhi Mwalimu Akoth alipobisha stoo. Aliniambia ile glisarini waliyokuwa wananunua kwa duka la dawa Litein, ile ya kupaka midomo, ilikuwa imebaki kidogo sana, na siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na amesikia mimi nina chupa. Ni kweli nilikuwa nayo. Chupa ya kahawia, imejaa, imekaa rafu ya pili nyuma ya mgongo wangu, na juu yake nilikuwa nimebandika plasta nyeupe nikaandika kwa mkono wangu: GLISARINI, MABARA YA KIRUI, USIGUSE (ndiyo, niliacha herufi moja ya maabara, na hakuna mtu wa kunisahihisha kwa sababu hakuna mtu aliyeruhusiwa kuingia).

"Imekwisha," nikasema.

Neno moja tu hilo. Akasema pole, akashukuru, akaenda zake. Nikajiona mjanja. Sikujua nimejichimbia shimo refu hivyo.

Lazima mwelewe siku hiyo ya wazazi ilikuwa ni kitu gani. Shule yetu ilikuwa na nafasi ya kupeleka mradi mmoja tu kwenye mashindano ya sayansi ya mkoa, Nakuru, na headmasta alikuwa amekata shauri kwamba mgeni kutoka ofisi ya elimu angetazama mradi wa Chebet ukifanyika mbele ya macho yake. Ukifaulu, Chebet na wenzake wanaenda Nakuru. Ukikwama, wanaenda vijana wa kidato cha nne na pampu yao ya maji. Chebet alikuwa hajawahi kupita Kericho mjini. Alikuwa amekwisha kuosha viatu vya safari na kuviweka dirishani, wiki mbili kabla, na kila asubuhi nilikuwa navipita nikienda kunawa uso.

Sasa headmasta akauliza stafurumu, Mwalimu Akoth, naskia hakuna glisarini, mtafanya nini? Na kabla mama wa watu hajafungua mdomo, wangu ukawa umefunguka. Nikasema glisarini si lazima. Nikasema hizo ni mambo za kupaka midomo. Nikasema adui wa huo mchanganyiko ni unyevu, maji yanageuka mvuke yanatia mapovu, na dawa yake ni kukausha wanga mpaka ulie. Mnajua nilitoa wapi hayo? Kabla ya chuo nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili chumba cha kukaushia chai kiwandani, na pale tulikuwa na supavaiza ambaye wimbo wake ulikuwa mmoja tu, unyevu, unyevu, majani yenye unyevu ni hasara, kausha, kausha tena. Mtu wa chai ukimpa kitu chochote duniani atakuambia ukikaushe. Mwalimu Akoth akasema kwa upole kwamba wanga si majani ya chai. Watu wakacheka kidogo, nami nikasikia wamenicheka mimi.

"Basi Mwalimu Kirui," headmasta akasema, "wewe utatuonyesha. Idara mbili zishirikiane."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema hiyo chupa nimeipata, ilikuwa imejificha. Lakini nilimwona Chebet siku hiyo mchana akimsaidia Mwalimu Akoth kubeba kapu lake, amelikumbatia vile alivyokuwa akikumbatia mkoba wangu, na moyo ukaniwaka upya, nikasema haya, watajua nani ni mwalimu. Nikachukua wanga wao nikaukausha kwenye oveni ya maabara mpaka ukawa unapeperuka. Kama nilijaribu kwanza? Nilijaribu kidogo kwa kijiko, ukatoka rangi ya kahawia, nami nikasema, ah, rangi ya chai nzuri, iko sawa. Chebet alinifuata mpaka mlango wa stoo akaniambia, "Baba, tafadhali. Haujakunywa." Nikamwambia kemia haiendeshwi na midomo ya wanawake. Nilimwambia hivyo, mtoto wangu mwenyewe.

Siku yenyewe ikafika. Nilivaa koti la suti yangu ya harusi na tai nyekundu ndefu, na nikawahi shuleni kabla ya wageni, kumbe headmasta ameamua kumzungusha mgeni kila mahali, hata stoo. Nikakumbuka chupa. Miguu ikawa inanipeleka mbio mimi mwenyewe sijui, nikafungua, nikaichukua, na kwa kuwa sikuona pa kuiweka nikaitumbukiza mfuko wa ndani wa koti. Ikanilemea upande mmoja. Nikatembea hivyo asubuhi yote nikiwasalimu watu kwa mkono mmoja.

Meza ilikuwa imewekwa nje ya chumba cha homu sayansi, na akina mama wamekaa kwenye mabenchi mbele, wanaume wamesimama nyuma, mgeni kwenye kiti chenye kitambaa. Mwalimu Akoth alikuwa pembeni na stovu yake ya pili na sufuria iliyofunikwa. Mimi nikavua koti, nikalikunja vizuri, nikampa Chebet alishike (alilipokea kwa mikono miwili kama zamani, na nilifurahi, jamani, hata katika ule uongo nilifurahi), nikakunja mikono ya shati. Nikahutubia. Niliwaeleza unyevu ni adui, na wale wanaume wanaofanya kazi kiwandani wakatikisa vichwa kukubali. Nikaweka plastiki kwenye sufuria, ikalainika vizuri, inang'aa, nikamwaga wanga wangu mkavu, nikashika mwiko.

Sasa hapa niseme ukweli wa nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa sijawahi kushika mwiko. Kwetu wakati huo mwanaume akionekana jikoni anasonga kimyet, ugali wetu, watu wanauliza kama mke wake amerudi kwao. Mabenchi yale ya mbele yalikuwa yamejaa watu ambao wamesonga ugali kila siku ya maisha yao, na mimi mbele yao, nimeshika mwiko kama jembe. Walijua kabla yangu. Nilianza kusikia wananong'ona. Wanga haukuingia kwenye plastiki, ulikaa mabonge mabonge, meupe ndani, kahawia nje, na kila nikikoroga ndivyo yanavyokuwa magumu.

Mbele kabisa alikuwa amekaa Kogo Taplelei, bibi anayelea wajukuu wawili waliokuwa wanasoma pale shuleni. Akaniuliza kwa sauti ya kutaka kujua tu, bila ubaya, "Mwalimu, hiyo unga imekunywa maji saa ngapi?"

Nikamwambia, "Kogo, hii si kimyet."

"Naona," akasema. "Kimyet haiwezi kuwa hivyo."

Mabenchi yakacheka yote. Mwalimu Akoth akanisogelea akaninong'oneza nipunguze moto, plastiki bado iko sawa lakini wanga unaungua. Na kwa sababu ni yeye amesema nipunguze, nikaongeza. Ndiyo. Niliinama nikaongeza utambi. Harufu ikaja, mahindi ya kuungua na sandali za plastiki za kuungua kwa pamoja, moshi ukampata mgeni, mgeni akatoa leso. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba hiyo ni hatua ya kawaida, nikachota bonge lile nikalishindilia kwenye mdomo wa mashine ya nyama, nikaanza kuzungusha mkono wake.

Haikutembea. Ule mchanganyiko wa akina Chebet ukiusukuma unalegea. Wangu nikiusukuma unanisukuma na mimi. Nikaegemea. Nikainama kabisa juu ya mashine nikakandamiza bonge kwa mti huku nikizungusha kwa nguvu zangu zote, na likaanza kushuka, nikasema haya, haya, sasa, na nikasikia shingo inavutwa. Mashine iliyokataa bonge ilikuwa imekubali tai yangu. Niliporudisha mkono wa mashine nyuma haukurudi. Plastiki ilikuwa imeanza kupoa, na hiyo kitu ikipoa inakuwa jiwe. Nikabaki hapo, kichwa kwenye mdomo wa mashine, pua karibu na moshi, matako yameelekea ofisi ya headmasta. Mzee mmoja nyuma akavua kofia yake, akidhani tumeanza maombi.

Nilitamani ardhi inifunike. Na bado sikuwa nimefika mwisho, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa haujanimaliza. Nikakumbuka huwa natembea na kisu kidogo cha kukunja. Nikaita, sauti inatokea kwenye mashine, "Chebet, toa kisu kwa mfuko wa koti."

"Mfuko gani, Baba?"

"Wa ndani."

Nilipolitamka tu, nikakumbuka. Sikuweza kugeuza kichwa, kwa hivyo sikuona uso wake. Niliona viatu vyake tu, vile vya dirishani, alivivaa siku hiyo, na viatu hivyo vilisimama tuli muda mrefu. Nikasikia headmasta anauliza, hiyo chupa ni ya nini? Na mgeni naye akainuka kitini. Mtoto wangu alikuwa na sababu zote. Nilikuwa nimemnyima, nimemtukania mwalimu wake, nimeunguza wanga wake, nimekwamisha mashine ya pekee ambayo ingempeleka Nakuru. Nikafumba macho nikangoja.

"Ni glisarini," Chebet akasema. "Baba alikwenda kututafutia. Nafikiri alitaka kutushtua."

Viatu vya Mwalimu Akoth vikasogea karibu na vya Chebet. Aliichukua ile chupa, na nikijipinda niliweza kumwona mkono: kidole gumba chake kilikuwa kimekaa juu ya ile plasta nyeupe, kimefunika maandishi yangu yote. "Asante, Mwalimu," akasema, kwa ile sauti yake ya kila siku. Kisha akachukua makasi ya kitambaa na akanikata kutoka kwenye mashine.

Yaliyobaki niliyatazama nikiwa nimesimama kando na nusu tai. Aliifungua ile mashine, akaweka kile chuma juu ya stovu, taratibu, moto mdogo, mpaka plastiki ikalegea ndani, akalisukuma bonge likatoka zima, jeusi, na ncha ya tai yangu nyekundu imetokeza kama ulimi. Akafunua sufuria yake. Kumbe alikuwa amepika wanga mwingine asubuhi, kwa maji na ile glisarini iliyobaki, ingawa haikutosha, na sasa akaongezea kutoka chupa yangu, Chebet akakoroga, na wote tukaona wanga unabadilika, unaacha kuwa unga, unang'aa. Ulipoingia kwenye plastiki uliingia. Wakaupitisha mashineni na Chebet akazungusha kwa mkono mmoja tu, ukatoka laini, unateremka wenyewe, na akina mama wakapiga vigelegele. Kogo Taplelei akaomba aguse. Mgeni akasema hakuna haja ya kuona pampu.

Na hapa ndipo huwa nanyamaza. Kwa sababu headmasta alisimama akasema, wazazi, kabla hatujaendelea, makofi kwa Mwalimu Kirui ambaye, pamoja na ajali hiyo ndogo, ndiye alihangaika akaleta glisarini. Na watu wakanipigia makofi. Wote. Mwalimu Akoth alipiga. Chebet alipiga, akiangalia chini.

Njiani kwenda nyumbani alibeba koti langu, na hakuniuliza swali hata moja. Chai pande zote mbili, sisi katikati. Tulipofika kwenye daraja la mbao akasimama.

"Baba, leo nimedanganya watu wote kwa ajili yako," akasema. "Sitarudia."

Nikasema sawa. Akaongeza kwamba lile bonge amelihifadhi na litaenda Nakuru, kwa sababu Mwalimu Akoth amesema mradi mzuri unaonyesha pia kilichokataa, na mimi pia niende, kama nataka. Nikasema nitakwenda.

Nakuru meza yao ilikuwa karibu na mlango. Upande mmoja mifuko sita myeupe yenye miche ya chai imesimama ndani, upande wa pili, kwenye sahani, bonge langu na ulimi wake mwekundu, na kadi ambayo Chebet aliandika mwenyewe: Wanga mkavu, bila glisarini, moto mwingi. Jaji mmoja, mama wa miwani, akaligeuza geuza kwa kalamu. Akauliza hii nyekundu ni nini. Chebet akasema ni tai. Yule mama akacheka, akauliza na hii nani aliitengeneza, na kwa nini hakutumia glisarini, haikuwako?

Chebet hakujibu. Hakuniangalia pia. Alikuwa amesimama wima kando ya miche yake, mikono nyuma, na nikaelewa kwamba kweli hatarudia, hata iwe nini. Mwalimu Akoth akaanza kufungua mdomo ili aniokoe tena. Nikamtangulia.

"Ni mimi," nikasema. "Na ilikuwako. Ilikuwa kwa stoo yangu imejaa. Waliniomba nikasema imekwisha, kwa sababu nilikuwa na wivu na huyu mwalimu."

Yule jaji alinitazama juu ya miwani, akaandika kitu, sijui aliandika nini mpaka leo. Mwalimu Akoth akasema tu, "Najua, Mwalimu. Niliona plasta." Kisha, baada ya kidogo, akasema kwamba maabara ina A mbili mwanzoni. Wakapata nafasi ya tatu, na Chebet alilia kwa sababu alitaka ya kwanza.

Basi hiyo ndiyo aibu yangu, mmeisikia yote. Tangu hapo stoo yangu haikufungwa mchana, na mtu akiniomba kitu ambacho ninacho, ninampa kabla roho haijapata nafasi ya kushauriana nami. Jumapili mimi ndiye ninayesonga kimyet nyumbani kwangu, na wapitao njiani waulize wanavyotaka kama mke amekwenda kwao, yeye huwa amekaa hapo hapo ananiambia niongeze maji. Na tai sivai tena, hata harusini.

Chebet sasa ana watoto wake. Akija kututembelea, bado hunipokea mlangoni vile vile, ananivua koti kwa mikono miwili. Ila kabla hajalitundika huwa anapapasa kwanza mifuko ya ndani, wa kushoto, kisha wa kulia. Nami husimama hapo nikangoja amalize.